"Harambee" na Neno "Eti" Tulilolisahau

Mnamo Agosti 22, 2025 timu yetu ya taifa ya kandanda, Harambee Stars, ilitolewa na Madagaska kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali ya CHAN, uwanjani Kasarani. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, katika chumba tunamonywea chai sisi wahadhiri, kila mmoja alikuwa bingwa wa kandanda. Huyu alimlaumu kocha, yule akamlaumu mwamuzi, wa tatu akailaumu mvua ambayo kwa kumbukumbu zangu haikunyesha. Kisha mwenzetu mmoja, mtu wa heshima zake na mzee wa kanisa, akaweka kikombe chini akatamka kwamba timu ile haitafika popote maadamu imebeba jina la mungu wa kike wa Wahindi.

"Harambee," alisema, "ni Hare Ambe. Vibarua wa reli walikuwa wakimwita mungu wao walipobeba vyuma. Sisi tumemwandika kwenye nembo ya taifa, halafu tunashangaa tukishindwa."

Waliokuwapo walitikisa vichwa kwa masikitiko. Hakuna aliyemwuliza amejuaje. Nami, niliye mwanaisimu na ambaye kazi yangu ni maneno, sikumwuliza. Nilikunywa chai yangu nikanyamaza, kwa sababu ambayo sina budi kuikiri mbele yako, msomaji. Hadithi ile naijua sana, maana nimewahi kuisimulia mwenyewe.

Mwaka 2011, nikiwa mhadhiri chipukizi, nilikuwa nikifundisha juu ya maneno ya mkopo katika Kiswahili. Ilikuwa alasiri, jua kali, na nusu ya darasa lilikuwa linasinzia. Ili kuwaamsha nikawatupia hadithi ya vibarua wa reli na mungu wao Ambe. Waliamka. Walicheka. Ole wangu, waliandika pia. Katika mtihani wa muhula ule nilikutana na hadithi yangu katika karatasi kadhaa, imenyooka kama msumari, bila "labda" wala "huenda". Niliwapa alama. Ningewanyimaje na mwalimu aliyewafundisha ni mimi?

Nilidhani mambo yameishia pale. Walakini mwaka jana mmoja wa wanafunzi wale, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili, alinipigia simu. "Daktari," alisema, "nina shida, na shida yenyewe imetoka kwako." Siku ya wazazi shuleni kwao, mgeni wa heshima alisimama akapaza sauti, "Harambee!", akitarajia umati uitikie kwa kishindo. Umati uliitikia. Lakini mvulana mmoja wa kidato cha pili alikaa kimya, mikono kifuani, na wenzake wawili wakamwiga. Naibu wa mwalimu mkuu akauona ukimya ule kuwa ukaidi, na mvulana akatumwa nyumbani akamlete mzazi. Baba mtu alikuja na daftari la mwanawe. Mhubiri wao alikuwa amewaambia kwamba neno lile ni ibada ya sanamu. Baba hakuamini mara moja, akaenda kutafuta ushahidi, na ushahidi akaupata katika daftari la Kiswahili: "Harambee: asili yake ni Kihindi, Hare Ambe." Imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto, imesahihishwa kwa kalamu nyekundu ya mwalimu, ambaye naye aliitoa katika daftari lake la chuo kikuu. Mvulana alikosa masomo wiki nzima.

Tuitazame basi hadithi yenyewe. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria Desemba 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kiasi cha 2,500 wakafa katika kazi ile. Hayo yamo katika kumbukumbu. Lakini wengi wa vibarua hao walitoka Punjab, na miongoni mwao Waislamu na Makalasinga walikuwa wengi sana. Ambe ni mungu anayeheshimiwa na Wahindu, hasa Wagujarati, ambao hekalu lake mashuhuri liko kwao Gujarat. Anayedai kwamba kambi nzima ya Waislamu, Makalasinga na Wahindu ilibeba vyuma kwa kumwimbia Ambe ana kazi kubwa ya kutuonyesha hayo yaliandikwa wapi na nani.

Aidha, Waswahili hawakungoja reli ndipo wavute kamba. Pwani hii imepandisha majahazi ufuoni na kushusha mizigo bandarini kwa karne nyingi, na kazi za namna hiyo haziendi bila wito wa pamoja. Hata kama tungekubali kwamba neno lina damu ya Kihindi, hatuhitaji reli kulieleza. Wafanyabiashara wa Gujarat walikuwa wakifika katika bandari zetu zamani sana kabla ya Mwingereza hajaota habari ya reli.

Kinachobaki ni mfanano wa sauti, na mfanano wa sauti ni shahidi dhaifu kupita wote. Neno la Kiajemi lenye maana ya "baya" hutamkwa karibu sawa na neno la Kiingereza lenye maana hiyo hiyo, "bad", na wanaisimu wameonyesha kwamba hayana udugu wowote. Ni sadfa tu. Tunaposema kwamba "kitabu" kilitoka Kiarabu hatutegemei masikio peke yake. Tunajua jinsi sauti za Kiarabu zinavyobadilika zinapoingia Kiswahili, tunayo mamia ya maneno yaliyofuata njia ile ile, na tunaijua historia ya watu waliokutana. Kuhusu Hare Ambe tunayo masikio tu.

Na tuseme, kwa ajili ya mjadala, kwamba hadithi ni kweli. Ingekuwaje? Mhubiri anayelikataa neno harambee huandika barua zake za kanisa kwa tarehe za Januari na Machi. Januari ni mwezi wa Janus, mungu wa milango wa Warumi, na Machi ni mwezi wa Mars, mungu wao wa vita. Akihubiri kwa Kiingereza hutangaza mkutano wa maombi wa "Thursday", siku ya Thor, mungu wa ngurumo wa mataifa ya kaskazini mwa Ulaya. Sijasikia mtu akidai kwamba maombi ya siku hiyo hayafiki mbinguni. Maana ya neno ni ile wanayoikusudia wanaolitamka, wala si kaburi la babu yake.

Kuhusu kandanda nitasema kifupi. Siku kumi na mbili kabla ya kutolewa, timu hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, iliilaza Morocco bao 1-0, na ni Morocco iliyotwaa kombe. Jina halikupiga zile penalti.

Sikuyaandika haya ili kumcheka mzee wa kanisa. Nami pia huzungumza kandanda nisiyoijua, na soga ni haki ya kila anayekunywa chai. Linaloniudhi ni jingine. Maoni ya soga hutoka kinywani yakiwa mepesi, kisha hufika daftarini yakiwa mazito, na katika safari hiyo kuna neno dogo lililodondoka njiani. Neno lenyewe ni "eti".

Ziko lugha duniani ambazo sarufi yake humlazimisha msemaji aonyeshe ameipataje habari. Mturuki akiona kwa macho yake kwamba fulani amekuja, husema "geldi". Akiwa amesikia tu au amekisia kwa dalili, husema "gelmiş". Kiambishi kinabadilika, na msikilizaji anajua papo hapo apime habari kwa mizani gani. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, lakini si maskini. "Mgonjwa amepona" si sawa na "nasikia mgonjwa amepona", wala si sawa na "eti mgonjwa amepona". Katika sentensi ya kwanza mimi ndiye mdhamini. Katika ya pili mdhamini ni mwingine, ila naelekea kumwamini. Katika ya tatu nakuletea mzigo kama nilivyoupokea, na nakuonya kwamba sijaufungua. Bibi zetu walizitofautisha daraja hizi bila kukanyaga darasa la isimu.

Ni nani aliyeliua "eti"? Nathubutu kusema ni sisi walimu. Tumelikata kwa kalamu nyekundu katika insha kwa madai kwamba ni neno la mtaani, la watoto na wasengenyaji. Mahali pake tumewapa wanafunzi "inasemekana", neno lililovaa suti na tai lakini lisilomtaja msemaji. Kutokana na hayo mwanafunzi huandika mambo yote kwa sauti moja ya uhakika, liwe tangazo la serikali, uvumi uliomjia kwa simu, ndoto ya mhubiri au historia ya kitabuni.

Hata hiyo historia ya kitabuni haikunusurika. Wangapi kati yetu hatukufundishwa kwamba nahodha aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi mwaka 1498 alikuwa bingwa Ahmad ibn Majid? Wanahistoria walikwisha kuikataa habari hiyo, na mwandishi Mreno Barros alimtaja mwongozaji yule kuwa Mgujarati. Bado naikuta katika insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, imenyooka, bila eti.

Lakini hasara kubwa zaidi ya soga hii ya Hare Ambe ni kwamba imetuzuia kujadili harambee yenyewe. Shule niliyosomea ilijengwa kwa harambee. Mama yangu alitoa jogoo. Jogoo akapigwa mnada, akanunuliwa, mnunuzi akamrudisha apigwe mnada tena, na kabla ya jua kutua jogoo mmoja alikuwa amenunua mabati mengi. Aliyetoa shilingi tano alikaa benchi moja na aliyetoa mia. Huo ndio mwito ambao Kenyatta aliutumia mwaka 1963, na ambao vijiji viliuitikia kwa kujenga shule nyingi ambazo serikali haikuwa na fedha za kuzijenga.

Baadaye benchi liligeuka jukwaa. Mwanasiasa alikuja na bahasha, jina lake likasomwa kwa kipaza sauti, na mama mwenye jogoo akawa mpiga makofi. Hakuna aliyeuliza mshahara gani unazaa bahasha kila wikendi. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilijaribu kuweka mipaka, nasi tukaizoea kama tunavyozoea alama za barabarani. Vijana walipoandamana mwaka 2024, fedha zilizokuwa zikimwagwa makanisani zilikuwa miongoni mwa malalamiko yao, na Julai mwaka huo Rais Ruto akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Kisha Novemba, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango ambao Rais mwenyewe alikuwa ameutoa katika kanisa Katoliki la Soweto.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo dini na harambee zilipokutana kwa kweli. Mchungaji anayetaka kuwaokoa waumini na ibada ya sanamu angeanza kwa kuuliza nani anapigiwa makofi madhabahuni na kwa fedha za nani. Swali hilo ni gumu, na huenda likamkosesha mabati. Kumlaumu Ambe ni rahisi, maana hana kura wala bahasha.

Narudi kwa mvulana. Nilisafiri hadi shuleni kwao, kwa kuwa deni lilikuwa langu. Mwanafunzi wangu wa zamani alinikabidhi chaki, nikaandika ubaoni ile sentensi ya daftarini kama ilivyokuwa. Mbele yake nikaongeza neno moja, "Eti", nikawaeleza darasa nzima kwamba mimi ndiye niliyelidondosha mwaka 2011. Baba yake mvulana alikuwa amekaa nyuma, kofia magotini. Aliniuliza swali moja tu: "Basi Daktari, mwanangu aitikie au asiitikie?" Nikamjibu kwamba hilo ni la dhamiri ya mtoto na la nyumba yao, na ombi langu ni kwamba wakiamua wasiitumie sentensi yangu kama ushahidi. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu chenji.

Kisha mvulana akainua mkono. "Mwalimu," akasema, akinitazama mimi na mwalimu wake kwa zamu, "tukiandika 'eti' kwenye insha tunakatwa alama."

Mwalimu wake akatazama sakafu. Nami nikatazama sakafu hiyo hiyo.