SAUTI YA INJINI SI HUKUMU

Bwana Mhariri,

Nakuomba nafasi katika gazeti letu ili niseme na wanachama wenzangu juu ya jambo ambalo limekwisha kula mishahara ya wengi wetu, nalo ni sauti ngeni ya injini katika motakaa kuukuu. Mimi si fundi. Ni karani wa masjala, na kazi yangu ni majalada. Walakini naona kwamba jambo hili laweza kutazamwa kwa akili ile ile tunayoitumia mezani, na ya kuwa hasara zetu nyingi hazitoki katika chuma, bali hutoka kwetu wenyewe.

Wengi wetu hatununui motakaa mpya. Twanunua zile zilizokwisha kutumika Japani miaka kadha wa kadha, ama twazipokea kwa mwenzetu baada ya yeye kuzitumia hapa. Si aibu, ndio uwezo wetu. Lakini chombo kilichotumika kina habari zake za zamani, na habari hizo huzieleza kwa sauti. Tukiisikia sauti hiyo twagawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huongeza sauti ya redio. Kundi la pili huingiwa na hofu, wakampelekea fundi motakaa pamoja na fedha zote, wakisema, "Fanya uonavyo." Nimeyaona makundi yote mawili, na katika hilo la pili nilikuwamo mimi mwenyewe.

Asubuhi moja nilipowasha motakaa yangu nilisikia kitu kikigogota upesi upesi, ta-ta-ta-ta, kama cherehani. Nikaenda kwa fundi mmoja. Alisikiliza kitambo kidogo, hakufungua hata boliti moja, akasema, "Injini imenoki, mzee. Tafuta nyingine." Bei ya injini nyingine iliyotumika, pamoja na ujira, ilikuwa mshahara wangu wa miezi minne, na ada ya shule ya mtoto ilikuwa imekaribia. Nalikwisha kujaza karatasi ya mkopo na kuitia mfukoni. Mke wangu akaniuliza neno moja tu: "Je, amekuonyesha kilichovunjika?" Sikuwa na jibu.

Ndipo nikamwendea mzee mmoja aliyestaafu kazi ya karakana. Baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza motakaa iko wapi. Aliniuliza, "Mwanangu, sauti hiyo huja lini, na huondoka lini?" Nikasema sijui. "Basi nenda, urudi ukijua."

Kwa siku tatu niliandika katika daftari. Sauti huja asubuhi injini ikiwa baridi. Huzidi nikikanyaga mafuta. Hupungua baada ya dakika chache. Injini ikisha pata moto hutoweka kabisa. Mzee aliposoma maneno hayo alisema, "Beringi ya mkono wa pistoni ikilika hupiga zaidi injini ikipata moto, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Yako hunyamaza. Basi tutafute penginepo." Akafungua kifuniko cha bati juu ya bomba la ekzosi mahali linapoungana na injini, akanionyesha masizi meusi yaliyotapakaa kandokando ya gasketi, na boliti moja iliyokatika. Moshi ulikuwa ukipenya hapo kwa vishindo. Chuma kilipopata moto kilitanuka na kuuziba ufa. Gharama yote, na ujira wake, haikufika sehemu ya kumi ya ile bei ya injini. Karatasi ya mkopo niliichana.

Msidhani kwamba nawafundisha kuidharau sauti. Mwenzetu mmoja aliona taa nyekundu ya oili ikiwaka, akasikia na mgongano mzito chini ya injini, akasema atatazama mwisho wa mwezi. Hakuufikia mwisho wa mwezi. Injini ilishikana njiani, naye akalala barabarani na watoto wake. Oili ilikuwa imekwisha; laiti angalivuta kile kijiti cha kupimia siku ya kwanza, labda angaliponya mali yake. Huyo kweli alilazimika kununua injini nyingine. Basi mimi nalikuwa karibu kununua injini nisiyoihitaji, na mwenzangu aliiua injini aliyokuwa nayo. Makosa mawili, na mzizi ni mmoja: hapana aliyechunguza.

Yafaa kila mwanachama ajue machache haya. La kwanza, kabla ya yote, pima oili injini ikiwa imezimwa na motakaa imesimama mahali tambarare. Taa ya oili ikiwaka safarini, zima injini mara moja. Hapo hapana shauri. La pili, andika sauti kama uandikavyo barua iliyoingia: huja lini, baridi au moto, hufuata mbio za injini au mbio za magurudumu, huzidi mlimani au hata motakaa ikisimama, ni nyepesi au nzito. Sauti ikifuata magurudumu hata ukitoa gia na kuiacha motakaa iteleze, yaelekea si ya injini kabisa. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kuinasa sauti ya asubuhi, ili fundi aisikie hata kama imekwisha kunyamaza mchana.

La tatu ni kujua tabia za sauti. Mlio mkali wa kufoka wakati wa kuwasha, hasa siku ya mvua, mara nyingi ni mkanda uliolegea au kuchakaa. Mngurumo wa beringi za altaneta au pampu ya maji hudhaniwa kuwa wa injini. Fundi akiuondoa mkanda na kuiwasha injini kwa nusu dakika tu, sauti ikatoweka, amekwisha kujua kwamba ugonjwa u nje. Kamshafti huzunguka mara moja wakati krankshafti inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400, na mgogoto wake husikika juu, mwepesi. Mgongano wa chini ni mzito, nao huzidi injini ikibebeshwa kazi. Fundi akikata umeme wa plagi moja moja, na kwa silinda moja mgongano ukapungua, yaelekea beringi ya mkono wa pistoni wa silinda hiyo imelika. Mlio kama wa kokoto katika kopo unapopanda mlima ni petroli inayolipuka yenyewe badala ya kuungua kwa taratibu. Sababu yaweza kuwa petroli isiyofikia daraja inayotakiwa na injini, au moto kupita kiasi, au masizi ndani ya silinda. Tena, injini zenye mnyororo ndani, kama ile 1NZ-FE ya Toyota iliyomo katika motakaa nyingi tunazoziona mjini, mnyororo ukilegea huweza kutoa mchakacho mfupi wakati wa kuwasha.

Fundi mwangalifu huweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini sikioni, akisogeza mahali hata mahali, mpaka aone sauti inapozaliwa. Ukitaka kujaribu, fungua tai na kukunja mikono ya shati kwanza, kwa maana mkanda na feni havina heshima kwa karani.

Najua wako watakaosema, "Hii ni kazi ya fundi, mgonjwa hamfundishi tabibu." Ni kweli. Lakini tabibu naye humwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini, na mgonjwa asiyejua kujibu hupewa dawa ya kubahatisha. Wengine watasema kwamba siku hizi iko mashine ya kusoma hitilafu, na hapana haja ya masikio. Mashine hiyo ni njema, illa yenyewe husoma habari za umeme wa injini. Boliti iliyokatika au beringi iliyolika yaweza isionekane humo hata kidogo.

Wala sipendi tuwatukane mafundi wote. Wengi ni waaminifu, na sisi ndio tunaowaharibu. Twaona haya kuonekana wajinga, basi twaitikia kila neno. Twakataa kulipa ujira wa kuchunguza kwa kuwa hatuoni kitu kilichobadilishwa, kisha twalipa mara ishirini kwa kitu kilichobadilishwa bure. Katika ofisi zetu hapana hundi itokayo bila hati. Mbona katika karakana twatoa mshahara wa miezi minne kwa neno la mdomo?

Kwa hiyo natoa shauri langu, wanachama walipime. Tukubali kulipa ujira wa uchunguzi mbali na ujira wa matengenezo. Tusikubali injini kuhukumiwa kabla hatujaonyeshwa kwa macho kilichoharibika, na kila kilichotolewa tukidai mikononi mwetu. Tena ofisi ya chama iwe na daftari moja, ambamo kila mwanachama ataandika aina ya motakaa yake, sauti aliyoisikia, sababu iliyoonekana na fedha iliyotoka. Daftari halina gharama, na baada ya mwaka mmoja litakuwa mwalimu wetu sote.

Mimi nimekwisha kuandika ukurasa wangu wa kwanza. Ule wa pili naliomba kwa mwenzetu wa taa nyekundu, naye amekubali, ijapokuwa kwa uchungu.

Wasalaam,
Ndimi mwanachama mwenzenu,
KARANI WA MASJALA