Simu ya mteja haina makosa
Madevelopa, tuambiane ukweli. Unajenga tovuti ukiiangalia kwa Chrome ya laptopu yako, unasema imeiva. Mteja hapa Sultan Hamud anaifungua kwa Opera Mini, maana bando ni pesa, na kila kitu kimevurugika. Kitufe cha kuagiza hakionekani. Utamwambia anunue simu mpya? Acheni dharau!

Opera Mini ikibana data, ukurasa hupikwa kwenye seva zake kwanza, na gridi ya CSS haiielewi. Chrome inaielewa tangu 2017. Dawa si ngumu: andika safu moja ya kawaida kwanza, gridi ifuate. Brauza isiyoijua itairuka tu. Halafu jaribu kwa simu ya shosho kabla hujaitisha malipo.