"Kawia Ufike" Si Hoja

Mtu akilalamika kwamba kazi ya umma imechelewa, huzibwa kinywa kwa methali: kawia ufike. Nasema methali hiyo yasingiziwa. Ilitungwa kwa msafiri aliye njiani, aendaye taratibu asije akaanguka. Haikutungwa kwa yule ambaye bado amelala kitandani na jua limekwisha panda.

Tazama, msomaji, habari za kandanda katika nchi yetu ya Kenya. Tulipewa heshima ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 1996. Hatukujitayarisha, tukanyang'anywa, zikachezwa Afrika Kusini, na wenyeji wakatwaa kombe. Tukapewa mashindano ya CHAN ya mwaka 2018. Septemba 2017 Shirikisho la Afrika, CAF, likaona viwanja havijawa tayari, likayapeleka Morocco. Kisha sisi, Tanzania na Uganda tulikuwa tuanze CHAN nyingine tarehe 1 Februari 2025. Yakiwa yamesalia majuma yasiyotimia matatu, CAF ikayaahirisha hadi Agosti.

Watetezi watasema: lakini yalichezwa, na fainali ikawa Kasarani. Kweli, nami nilishangilia. Lakini hata hapo watu wasio na tiketi walijipenyeza kwa nguvu, mpaka CAF ikapunguza watazamaji kuwa 27,000 katika uwanja uchukuao watu wapatao 48,000. Saruji ilikuwa imekauka. Mpango wa milangoni ulikuwa bado mbichi.

Wengine watasema sababu ni umaskini. Hoja hii huniudhi kuliko zote, mimi nifundishaye walimu huku Ukambani. Njoo Kitui au Makueni wakati wa kiangazi uwaone watu maskini wakijenga bwawa la mchanga. Kikundi cha mwethya, wengi wao akina mama, hushuka katika mto uliokauka, huchimba hata wafikie mwamba, ndipo huinua ukuta wa mawe na saruji kuukatiza mto. Mvua ikija, maji huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta na kuyahifadhi maji ndani yake, jua lisiyakaushe. Lakini mafuriko ya Novemba yakiukuta ukuta umefika nusu, huenda yakaubomoa, na jasho la miezi likaenda na maji. Nani ataiomba mvua iahirishwe hadi Agosti? Kwa hiyo huhesabu kwa kurudi nyuma: mvua ni lini, ukuta wataka majuma mangapi, mawe yakusanywe lini, saruji inunuliwe lini, nani aje siku gani. Hawana afisa wa mipango, wana daftari.

Wala tusiambiwe kwamba serikali haiwezi. Uwanja wa Ithookwe, hapa Kitui, ulitengenezwa kwa Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2025, na sikukuu ikafanyika siku ile ile. Hakuna aliyethubutu kudhani kwamba tarehe hiyo yaweza kusogezwa.

Tarehe 27 Septemba 2023 tulipewa, pamoja na jirani zetu wale wale, fainali za mwaka 2027. Ujenzi wa uwanja mpya wa Talanta, Nairobi, ulizinduliwa Machi 2024. Akina mama wa mwethya wangalianza kukusanya mawe kesho yake. Basi mkubwa yeyote atakayekuja shuleni kwenu kujisifia fainali hizo, mwulize kwa adabu: asubuhi ya tarehe 28 alikuwa akifanya nini?