Kilo 118 na Kamba ya Kuanikia Nguo

Nina kilo 118. Nimeiweka hapo mwanzo ndio tumalizane nayo, juu kila nikisimulia hii story lazima mtu aulize kwa kuzunguka: "Kwani wewe uko... kama ngapi hivi?" 118, wasee. Nilipimwa na yule msee wa mizani ya kando ya barabara, na viatu nilivua.

Mwaka jana tulienda kupiga kambi Naivasha, saba kutoka mtaani. Mmoja wetu alibeba hamoki, kile kitanda cha kitambaa unachoning'iniza katikati ya miti miwili. Akaifunga kwenye migunga miwili kwa kamba nyembamba ya nailoni, akaivuta hadi ikanyooka kama kamba ya nguo za Jumamosi pale Umoja. Kwa picha ilitoka fiti sana. Wenzangu wanne wakalala kwa zamu, hakuna noma. Zamu yangu ikafika. Nikaketi, nikainua miguu, nikasikia "pwaa!" halafu nikajikuta naangalia anga. Kiuno kiliniuma wiki mbili.

Mtu alikuwa anarekodi, bila shaka. Hiyo klipu ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi hadi leo, na mimi hukesha nikitengeneza video zenye maana. Nikasoma maoni yote, kosa langu. Karibu wote walikuwa wanaimba wimbo mmoja: jamaa wa saizi hiyo alienda kufanya nini juu ya kitambaa?

Nilicheka na wao. Si unajua, ukiwa mnono mtaani unajifunza kucheka wa kwanza. Lakini nikirudi nyumbani nilianza kuuliza ile kamba, na majibu niliyopata yalinikasirisha kuliko yale maoni.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo wale mlibaki mnisahihishe, lakini hii ni hesabu ya sekondari. Kamba zikishuka wima kabisa, kila moja ingebeba nusu yangu, kilo 59. Shida ni kuwa kamba za hamoki huenda kando, na kadiri zinavyokaribia kulala ndivyo zinavyovutwa zaidi. Zikiteremka kwa digrii 30 kutoka usawa, kila upande unabeba kilo 118, yaani mimi mzima mara mbili. Kwa digrii 10, kila upande unavutwa na kama kilo 340. Kwa digrii 5, ile ya kunyooka kwa ajili ya picha, unapita kilo 670. Kila upande!

Sasa angalia ile kamba ya parashuti inayoitwa 550, ambayo kila mtu wa kambi anayo. Hiyo 550 ni pauni za kukatika, kama kilo 250, ikiwa mpya na haina fundo. Hata msee wa kilo 60 akilala kwa digrii 5 amepita hapo. Kinachomwokoa ni kuwa nailoni huvutika, inalegea kidogo, pembe inakuwa kubwa, mvuto unapungua. Nadhani ndivyo wale wanne walivyopona. Mimi nililetewa kamba iliyokuwa imeshavutwa mara nne.

Kwa hivyo ukiwa mzito kama mimi, usianze na kuchagua rangi ya hamoki. Anza na kinachoishika.

Nilienda Gikomba, nikapata mikanda ya hamoki iliyoandikwa "kilo 200". Nikauliza, "Mzee, hii 200 ni ya kukatika ama ya kubeba?" Akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Kijana, ni mia mbili. Kwani wewe unafika mia mbili?" Wateja wakacheka, nami nikacheka, tena wa kwanza. Lakini hilo ndilo swali la pekee lenye maana. Nambari ya kukatika ni pale kitu kinapoachana. Nambari ya kubeba ni pale unapoweza kulala bila kuomba dua. Mimi natumia hesabu ya mara tano: uzito wangu mara tano ni 590, na kitu chochote kinachokatika chini ya hapo sikitaki, hata nikipewa bure.

Jibu nililipata kwa watu wa lori. Ile mikanda bapa ya kufungia mizigo, ya upana wa sentimita tano, huwa na lebo ukiipata ile halali. Lebo ya buluu ni polista, ya kijani ni nailoni. Chukua buluu, polista haivutiki sana, hutaamka makalio yakiwa kwenye nyasi. Kisha tafuta LC. Wangu umeandikwa 2500 daN, na daN moja ni karibu kilo moja. Fundo linaweza kula hata nusu ya nguvu hiyo, bado nimebaki na 1250. Ile racheti ya chuma niliiacha nyumbani. Kazi yake ni kukaza, na kukaza ndiko kulikoniangusha. Mkanda mpana pia haukati gome la mti kama kamba nyembamba, na mgunga haujakukosea chochote. Mkanda usio na lebo, ama uliopauka na jua, ama wenye nyuzi zilizochomoka, mwachie mwenye lori.

Ndoano za kuunganisha, ziwe zile za kupandia milima zilizochongwa kN ubavuni. Yenye 22 kN ni zaidi ya tani mbili. Ile ya kuning'inizia funguo inafanana nayo kabisa, na itakuua.

Pembe haihitaji kifaa. Fanya mkono kama bastola, kidole cha shahada kikilala sawa na ardhi, gumba juu. Mstari kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya shahada ni karibu digrii 30. Kamba ifuate huo. Itabidi ufunge juu zaidi ya kichwa, kwenye mti ulio hai, mnene kuliko paja lako, na hamoki itaonekana imelegea kama ndizi. Iache hivyo. Ukiketi, iwe kimo cha kiti. Keti polepole.

Na wale wa ploti, tafadhali. Nimeona hamoki kwenye nguzo za kuanikia nguo juu ya rufu, gorofa ya sita, Pipeline. Hata kwa digrii 30, mimi navuta hiyo nguzo kando kwa kilo 102. Nguzo ya matofali imejengwa kusukumwa chini, haikujengwa kuvutwa kando na mtu anayesikiliza redio. Mti ukikuangusha unaanguka nusu mita. Hapo juu ni hesabu nyingine.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Kabla ya ile safari, kwenye grupu tuliulizwa nani hali nyama, nani ana mzio, nani ataleta spika. Hakuna aliyeuliza kilo. Wote waliniona nikiingia mathree, wote walijua, na kwa adabu yao wakanyamaza hadi nilipoanguka, ndipo wakapata sauti. Mimi pia nilinyamaza. Nilijua nina kilo ngapi, nikaona ile kamba, nikaketi tu nisionekane naogopa.

Tunaenda tena Desemba. Mikanda nabeba mimi, na kwenye grupu nimeshaandika: 118. Imesomwa na watu sita, na mpaka sasa hakuna mwingine aliyeandika yake.