Wahesabiwe na Walioacha Shule

Matokeo ya matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari Afrika Kusini, yakitoka kila Januari, magazeti ya Johannesburg huyapanga majimbo kama timu za ligi. Kwa mtihani wa 2024 Free State iliongoza kwa asilimia 91.0. Gauteng, jimbo la Johannesburg, lilipata 88.4, na Limpopo, lenye vijiji vingi maskini, 85.0. Anayesoma jedwali hilo ataamini kwamba mtoto wa Sandton, mtaa wa kitajiri wa Johannesburg, na wa kijijini Vhembe, Limpopo, wametengana kwa kama pointi tatu tu.

Siamini. Kitaifa walifanya mtihani 705,291, wakafaulu 615,429. Ndiyo asilimia 87.3 iliyoshangiliwa. Lakini walioingia darasa la kwanza 2013 walizidi milioni 1. Ni kweli kwamba baadhi yao walikuwa wakirudia darasa, na wengine walikuwa bado shuleni, ila pengo ni kubwa mno kulipuuza. Tukipima kwa asilimia ya waliofaulu peke yake, mwalimu mkuu anayemwondoa mwanafunzi dhaifu kabla ya mtihani anapanda chati, na anayehangaika naye hadi mwisho anashuka. Kipimo cha namna hiyo kinamwadhibu mtu anayefanya kazi tuliyomtuma.

Tena shule zenyewe hazilingani. Serikali imezigawa katika makundi matano kwa umaskini wa eneo; matatu ya chini hayatozi ada. Kwingineko, sheria ya 1996 inaruhusu bodi ya shule, kwa idhini ya wazazi, kutoza ada na kuajiri walimu wa ziada. Zote ni za umma. Huko Limpopo, mwaka 2014, mtoto wa miaka mitano alitumbukia katika choo cha shimo cha shule akafa. Jedwali gani lilionyesha choo hicho?

Uchunguzi wa kimataifa wa PIRLS wa 2021 ulikuta asilimia 81 ya watoto wa darasa la nne Afrika Kusini hawawezi kusoma na kuelewa, japo walipimwa kwa lugha walizofundishiwa. Matriki inafika miaka minane baadaye, wengi wakiwa wameshapotea.

Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023. Mimi nisingeficha takwimu, ningeziongeza. Kando ya asilimia ya kila shule, Gauteng na Limpopo zichapishe idadi ya walioanza darasa la kumi miaka miwili kabla, na wangapi kati yao walifika kwenye chumba cha mtihani.