Wajane wawili, kaburi moja

Wasee, siku mkifika Nyeri mjini, kabla ya selfi na Mlima Kenya, pitieni makaburi ya kanisa la St Peter's. Hapo ndipo amelala Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyekufa 8 Januari 1941. Kwa jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati. Kama ulikuwa skauti shuleni unajua hiyo alama: nimeenda nyumbani.

Kwa makaburi hayo hayo kuna Jim Corbett, yule mwindaji wa chui na simba-milia wala watu kule India, aliyekufa 1955. Wote wawili waliishi nyumba moja ndogo, Paxtu, kwa uwanja wa hoteli ya Outspan, kila mmoja na wakati wake. (Ni kama hiyo nyumba ilikuwa ya wastaafu wa ukoloni, lakini wacha nisiseme sana.)

Sasa sikia hii. Mke wa Baden-Powell, Olave, alirudi Uingereza, akafa huko 1977. Majivu yake yakasafirishwa mpaka Nyeri, yakazikwa kaburi moja na bwanake. Mimi sina shida na hiyo. Mtu akitaka kulala na mtu wake, mpelekeni.

Shida yangu ni mjane wa pili. Dedan Kimathi alizaliwa huko huko Nyeri, akakamatwa huko Oktoba 1956, kesi ikasikizwa huko, halafu akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Hakuna jiwe. Hakuna duara. Mkewe, Mukami, aliomba mifupa ya bwanake miaka na miaka, serikali baada ya serikali. Amepitia marais watano. Akafa Mei 2023, akazikwa Njabini, bila yeye.

Yaani majivu yamevuka bahari kutoka Ulaya, na mifupa imeshindwa kutoka Kamiti.

Najua komenti inakuja: "Si ako na sanamu Nairobi?" Ndio, tangu 2007. Lakini sanamu unaweza kuweka popote, hata kwa raundiabauti. Kaburi ni pahali pamoja tu. Na usiniambie ati hayo yalikuwa mambo ya vita. Waitaliano walipigana na Mwingereza, wakawa wafungwa wake hapa Kenya, na bado wana kanisa lao la ukumbusho Nyeri, wamelazwa vizuri na majina yao. Adui mzungu alipewa jina. Mwenyeji alinyongwa, na hakuwa peke yake, wako zaidi ya 1,000, na familia hazikupewa miili.

Oktoba 2019 ilitangazwa kaburi la Kimathi limepatikana. Serikali ikakana haraka sana. Sawa, kama si hapo, basi ni wapi? Gereza ni pahali pa vitabu, manze. Hata blanketi ya mfungwa inaandikwa. Mtu aliamrishwa achimbe, mtu mwingine akasimama akiangalia. Fungueni hizo rekodi, za Kamiti na zenye zilibebwa London.

Na wewe unayesoma hii, kama uko na guka ambaye alikuwa askari jela miaka hiyo ya hamsini, usingoje serikali. Yuko na miaka tisini na kitu. Mpigie leo jioni, umuulize pole pole.