Ronaldo Ni Kaunti Mbili za Kakamega, na Sisi Ndio Tunamlipa

Leo nina maneno na runinga yenu.

Kila siku saa tatu usiku ni yale yale. Taarifa ya habari inaanza na mwanasiasa akiwa matangani, anatukana mwanasiasa mwingine. Anafuata huyo mwingine akiwa kanisani, anajibu. Halafu ajali, halafu matangazo ya unga na rangi ya nyumba, halafu ndio michezo. Na michezo yenyewe ni nini? Nani anahama klabu gani huko Ulaya, analipwa ngapi kwa wiki, amenunua gari la rangi gani. Mtangazaji anasoma hiyo mishahara akitabasamu ni kama ameitwa kuonja.

Haya, tupige hesabu. Chuo niliacha, lakini kikokotoo nilitoka nacho.

Cristiano Ronaldo alipojiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia mwisho wa 2022, ripoti zilisema angekuwa anapata kama euro milioni 200 kwa mwaka, ukiweka na za matangazo. Kwa bei ya euro ya wakati huo, hiyo ni kama shilingi bilioni 26. Sasa sikia. Mwaka wa fedha wa 2022/23, mgao wa Kaunti ya Kakamega kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa karibu bilioni 12.4. Hiyo ndiyo inatakiwa ilipe madaktari, inunue dawa, itengeneze barabara za mashinani, ilipe walimu wa chekechea, na bado waheshimiwa wapate chai na mandazi. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,867,579. Yaani mtu mmoja, mwenye magoti mawili tu kama wewe, ni kaunti mbili za Kakamega, na chenji inabaki.

Ukigawanya zaidi unapata kizunguzungu. Ni shilingi mia nane na kitu kila sekunde, hata akiwa amelala. Weka maji ya ugali kwa jiko, yachukue dakika kumi kuchemka: jamaa ameingiza karibu nusu milioni na wewe hata unga hujatia.

Lakini tulia. Sina ubaya na Ronaldo. Kwani mimi ningepewa hizo pesa ningezikataa? Ningezila kwa mikono miwili, na ingokho pembeni. Shida yangu ni kwa watu wawili: wanaotusomea hizo pesa kila usiku kana kwamba ni habari, na sisi wenye tunazilipa halafu tunakaa kwa kibaraza kulalamika.

Nianze na vyombo vya habari, kwa sababu vitu vya kuchekesha huanzia huko.

Waandishi wengi wa kaunti hawana mshahara wa mwezi. Wanalipwa kwa stori. Stori isipotoka, imekula kwao. Sasa fikiria huyo msee. Anadamka alfajiri, anapanda boda ya pesa yake kutoka mjini mpaka Shinyalu, anapiga picha fahali wakipigana na isukuti zikilia, anaandika vizuri, anatuma. Mhariri Nairobi anamwambia hakuna nafasi. Nafasi imeenda wapi? Imeenda kwa nywele mpya za winga fulani wa Uingereza. Kwa hivyo mtu ambaye hajalipwa hata nauli anabaki kusoma habari za mtu anayelipwa akiwa usingizini. Kama huo si uchawi, niambie ni nini.

Na si mpira peke yake. Mnakumbuka Desemba 2024, ile tamasha ya Furaha City pale Nairobi? Kukazuka vurugu kuhusu nani apande jukwaani, Willy Paul upande huu, Diamond Platnumz upande ule, na mwishowe Diamond akaondoka bila kuimba. Sawa, hiyo ni habari ya siku moja. Lakini ilichambuliwa siku baada ya siku: nani alimsukuma nani, nani alikuwa ndani ya gari gani, nani ataomba msamaha kwanza. Walionunua tiketi wakasimama hadi miguu ikafa ganzi ndio walifaa kuwa stori. Wao walipewa sekunde chache, halafu kamera ikarudi kwa mastaa. Unalipa, hauimbiwi, halafu unaambiwa umuonee huruma mwenye gari.

Sasa niwaulize swali la mtihani. Ligi ya 2021/22, Kakamega Homeboyz walimaliza namba ngapi?

Kimya. Nilijua.

Walimaliza wa pili. Na si wa pili wa kupigwa mbio: walikuwa na alama sawa na Tusker, kombe likaenda Ruaraka kwa tofauti ya mabao. Timu ya hapa hapa, ya Bukhungu, ilibakisha mabao tu iwe bingwa wa Kenya nzima. Mwaka uliofuata, 2023, wakabeba kombe la FKF, na ni Tusker hao hao waliwafunga kwa fainali. Hiyo ni filamu! Hiyo ni stori ya kulipiza kisasi yenye mwanzo, katikati na mwisho. Lakini kuna vijana hapa Lurambi wanaokujulia jina la kati la kipa wa akiba wa Arsenal, na hawawezi kukutajia wachezaji watatu wa Homeboyz. Siwalaumu sana. Jina la kati la kipa wa Arsenal waliletewa sebuleni bure. La Homeboyz ilibidi walitafute.

Hapo ndipo mtu huniambia, "Lakini wewe, soko ndilo huamua. Ulaya kuna pesa, kwetu hakuna."

Pesa hakuna? Kaa chini nikukumbushe kitu.

Julai 2017 Everton walikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia. Wayne Rooney ndio alikuwa tu amerudi nyumbani kwao, akapiga bao kutoka mbali, Jacques Tuyisenge akasawazishia Gor, Everton wakashinda 2-1. Kifuani mwa Rooney kulikuwa kumeandikwa nini? SportPesa. Kampuni ya kubeti iliyokuwa imejaa kwa simu za vijana wa Kenya. Rooney hajawahi kukanyaga Mudiri, lakini soo ya jamaa wa Mudiri ilikuwa imefika kifuani mwake.

Halafu tarehe moja Januari 2018 kodi ya michezo ya kubahatisha ikapandishwa hadi asilimia 35. SportPesa wakatangaza wanasimamisha udhamini wa michezo hapa Kenya: ligi, Gor Mahia, Ingwe yetu AFC Leopards, raga, ndondi. Everton je? Everton waliendelea kuvaa jina. Baadaye mwaka huo kodi iliposhuka kampuni ikarudi kwa Gor na Ingwe, kisha 2019, kwenye mzozo wa leseni na kodi, ikatoka tena. Everton walikaa na lile jina hadi 2020. Sisemi kuna sheria ilivunjwa, biashara ni biashara. Nasema tu angalia nani aliambiwa avue jezi kwanza. Pesa ilitoka kwa mfuko wa kijana wa hapa, na nyumba ilipowaka moto, waliotolewa nje kwanza ni wachezaji wa hapa.

Kwa hivyo usiniambie hatuna pesa. Tuna pesa, ziko safarini. Kila mkeka wa timu kumi na mbili, kila bando linaloisha ukitazama staa akionyesha viatu, kila jezi ya thao moja pale sokoni, yote inaenda kwa mlima ule ule. Watu wengi, vidogo vidogo, ndio hutengeneza mshahara mkubwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe si chetu.

Najua beki mmoja wa ligi za chini huku kwetu. Ana miaka 22, ana kifua kama mlango wa kanisa. Timu yake siitaji. Mechi za nyumbani anaenda kwa miguu. Za ugenini anajilipia nauli, na akikosa nauli, kocha anasema ana jeraha. Asubuhi anaendesha boda ya mwenyewe, jioni anaenda mazoezi kama mafuta yamebaki. Juzi nilimpata stejini ametegesha simu kwa kioo cha pikipiki, anacheki mechi ya Saudi, na mkeka wake uko hewani. Nikamuuliza, "Bro, na wewe si mchezaji?" Akacheka. Akasema, "Wa kwetu haulipi. Wacha nijaribu bahati kwa ule wa wenyewe."

Sikucheka. Hiyo ndiyo sentensi ya kusikitisha kuliko zote nimesikia mwaka huu. Mchezaji wa mpira anachangia mshahara wa mchezaji mwingine kwa pesa ya boda.

Na si kweli kwamba watu hawataki vya nyumbani. Agosti 2025 CHAN ilikuja. Harambee Stars wakachapa DR Congo 1-0, wakatoka sare na Angola, wakachapa Morocco 1-0, wakachapa Zambia 1-0. Watu walifurika Kasarani mpaka CAF ikapunguza idadi ya mashabiki wanaoruhusiwa kuingia. Nyumbani hapa Kakamega, Desemba 2017, CECAFA ilipofunguliwa Bukhungu na Kenya ikampiga Rwanda 2-0, nani aliuliza Messi yuko wapi? Watu wanakuja. Lakini mtu hawezi kuja kwa mechi ambayo hakuambiwa ipo.

Tena kwa hiyo CHAN ndio niligundua tulivyo wanafiki. Serikali iliahidi kila mchezaji milioni moja kwa kila mechi watakayoshinda. Mtaa ukanuna! Ati ni pesa nyingi, ati watalewa, ati watasahau mpira. Milioni moja, wasee. Ronaldo anaipata kwa dakika ishirini. Yule yule jamaa anayesoma mshahara wa Saudi kwa sauti ya kusifu, akisikia Mkenya amepewa milioni anashika kichwa. Mwili wa mgeni ukilipwa ni kipaji, wa jirani ukilipwa ni ubadhirifu.

Ukitaka kulalamikia zile milioni, lalamika vizuri. Sema mchezaji hafai kungoja mheshimiwa aingie chumba cha kubadilishia nguo na ahadi mbele ya kamera. Sema anafaa kuwa na mkataba, mshahara mwisho wa mwezi, na bima ya goti. Zawadi ni ya sherehe. Mshahara ni haki. Stars walipotolewa na Madagascar kwa penalti robo fainali, sherehe iliisha usiku huo huo na kila mtu akarudi kwa klabu yake. Kamera za habari hazikuwasindikiza.

Basi naomba nini? Siombi mtu aache Arsenal. Hata mimi sina nguvu ya kupigana na wajomba zangu.

Kwa wahariri: tupeni dakika mbili. Dakika mbili tu kati ya mazishi na Saudi. Matokeo ya ligi yetu, msimamo wa jedwali, na mechi ya wikendi iko wapi na geti ni ngapi. Na mlipe huyo mwandishi wa Shinyalu, kwa sababu fahali wake wana stori kuliko wanasiasa wenu, na angalau fahali wakipigana mmoja hukubali ameshindwa.

Kwa wenzangu wa kutengeneza video: acheni kunakili uvumi wa usajili wa Ulaya ambao hata nyinyi hamuelewi. Nendeni mazoezini na simu zenu. Nusu ya timu za hapa hazijawahi kupigwa video nzuri hata moja. Kipa wa Malava akiokoa penalti ni kontenti, na hakuna mzungu atakuja kudai haki miliki.

Na kwa wewe mwenye mkeka: najua hautaacha leo. Lakini soo moja kwa wiki, moja tu, itoe kwa ndoto ya mamilioni uipeleke kwa geti. Ukipoteza soo kwa mkeka unarudi nyumbani na hasira. Ukiipeleka uwanjani unarudi umepiga kelele, umetukana refa kwa Kiluhya, umekula njugu, na mtoto wa mtu amepata nauli ya kwenda ugenini.

Ronaldo hatalala njaa, nakuhakikishia. Homeboyz wakicheza nyumbani tukutane uwanjani. Na uje mapema, kwa sababu ukichelewa dakika ishirini, yule mwingine tayari ameshapata milioni yake.